Bi harusi chini ya maji: Pumzi kwanza, pozi baadaye!

Wiki hii tunaingia majini. Ndiyo, majini kabisa, tena na nguo! Wazee walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wateja wangu mimi hawavui kitu. Wanaingia na shela, suti, viatu vya visigino na wengine na vilemba, nami nakuwa chini nawasubiri na kamera. Hiyo ndiyo kazi inayonilipia kodi ya chumba. Majirani zangu mpaka leo wanadhani nauza samaki, maana kila nikirudi nyumbani nina mifuko inayochuruzika maji.

Vijana wengi wananiuliza, "Bro, na mimi nataka kuanza, ninunue kamera gani?" Swali zuri, lakini si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: wakati wewe jicho lako liko kwenye kamera, nani anamtazama yule unayempiga picha? Kama jibu ni "hakuna", basi funga begi lako, kanywe soda, urudi nyumbani.

Msidhani haya ni mambo ya juzi. Mfaransa mmoja aitwaye Louis Boutan alianza kupiga picha chini ya bahari mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Mwanzoni picha moja iliweza kumchukua hadi nusu saa! Mwaka 1899 akampiga mwanasayansi wa Romania, Emil Racoviță, akiwa amevaa vazi la kuzamia. Hiyo ndiyo ambayo wengi wanaihesabu kuwa picha ya kwanza ya mtu kupozi chini ya maji.

Baadaye wakaja mabingwa wa mitindo. Mwaka 1947 dada mmoja wa Kimarekani, Toni Frissell, alimpiga picha mwanamke mwenye gauni jeupe akielea kwenye chemchemi ya Weeki Wachee, Florida. Kamera ilikuwa chini, inaangalia juu. Mpaka leo picha hiyo inaigwa dunia nzima. Halafu kulikuwa na Bruce Mozert wa Silver Springs, hukohuko Florida. Jamaa huyu alikuwa kiboko! Alitaka jiko la nyama choma litoe moshi chini ya maji, akatia maziwa ya kopo. Mafuta ya maziwa yakapanda juu kama moshi. Alitaka shampeni itoe mapovu, akatumbukiza kidonge cha kuyeyuka. Hapakuwa na kompyuta hapo, ni akili tu.

Sasa turudi Bongo. Siku moja nilipigiwa simu na bwana harusi mtarajiwa. Alikuwa ameona picha kwenye simu, bibi harusi anaelea baharini kama malaika, na yeye anataka hiyohiyo. Tukakutana. Jamaa anaongea, mchumba wake kimya. Nikamgeukia, "Dada, unajua kuogelea?" Akajibu mwanamume, "Ataweza tu, si dakika mbili?" Nikauliza tena, nikimtazama mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi maji yakifika kifuani moyo unaruka."

Nikawaambia bahari hapana. Bwawa sawa, tena upande wa kina kifupi, na bi harusi akajifunze kwanza. Mwanamume akawaka. "Wewe unapenda kukuza mambo. Kuna mtu atatupigia kwa nusu ya bei!" Nikamwambia aende kwa amani. Siwadanganyi, mwezi ule ulikuwa mgumu na hela ile nilikuwa naihitaji.

Wiki moja baadaye nikapata simu. Ni yule dada, kapiga mwenyewe. "Kaka, yule mwingine hakuniuliza kama najua kuogelea."

Basi akatafuta mwalimu wa kike, akajifunza wiki kadhaa. Siku ya picha alishuka mwenyewe ngazi za bwawa, maji yakamfika kifuani na moyo haukuruka. Na kichekesho cha siku kilikuwa bwana harusi! Kumbe yeye ndiye hajui kuogelea kabisa. Alishikilia bomba la ngazi kwa mikono miwili, hakuliachia mpaka tumemaliza. Kazi yake ikawa kushika taulo.

Nimewasimulia haya kwa sababu mchezo huu si wa kitoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Na anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mdomo ukiwa majini sauti inatoka wapi? Anazama kimyakimya, wenzake wako pembeni wanacheka.

Kwa hiyo mimi nina masharti yangu.

La kwanza, kuna mwogeleaji mzuri aliye ndani ya maji, hana kamera, hana simu, kazi yake ni kumtazama mteja tu. Awe anajua kuokoa na kumsaidia mtu aliyeacha kupumua. Mimi mpiga picha sihesabiki, maana jicho langu liko kwenye kioo.

La pili, hakuna kuhema harakaharaka ili "kujaza pumzi". Hili vijana wanalipenda na ndilo linaloua. Kinachokufanya utamani hewa si hasa kupungua kwa oksijeni, ni kujaa kwa ile hewa chafu ya kaboni kwenye damu. Ukihema kama mbwa aliyekimbizwa unaipunguza hewa chafu, lakini oksijeni haiongezeki kwa maana. Hapo kengele ya mwili inakuwa imenyamazishwa. Oksijeni inakwisha, kengele haijalia, taa ya kichwani inazimika ghafla. Hata waogeleaji hodari wamekufa hivyo, tena kwenye bwawa. Mteja wangu apumue polepole kama aliyekaa kibarazani, avute mara moja, azame. Sekunde kumi zinatosha. Kisha apande, apumzike zaidi ya muda aliokaa chini.

La tatu, mtungi wa hewa hapewi asiyesomea. Utasikia mjanja anasema, "Mpe avute kidogo hukohuko chini apate nguvu." Thubutu! Hewa inayovutwa chini ina shinikizo. Akipanda huku ameibana, inatanuka na kuweza kupasua mapafu, hata kwenye maji ya bwawa ambayo unayaona mafupi.

La nne ni nguo. Shela na gauni refu likiwa ndani ya maji linaonekana jepesi, lakini linazunguka miguuni kama nyavu, na ukitaka kutoka majini ndipo utajua uzito wake. Nachagua nguo inayovuliwa kwa zipu moja, na msaidizi wangu ana mkasi karibu. Hata kama gauni lina thamani ya ng'ombe watano, likimnasa mtu linakatwa. Na kama mteja anahitaji uzito wa kumshusha, anaushika mkononi, hafungiwi mwilini. Akiuachia anapanda.

La tano ni umeme. Taa ya kuchomeka ukutani, yenye waya wa ekstensheni unaopita ukingoni mwa bwawa, sitaki hata kuiona. Taa zangu zote ni za betri na zimetengenezwa kwa ajili ya maji.

La sita ni ishara. Mteja amefumbua macho bila miwani, anaona ukungu mtupu, kwa hiyo kumpungia mkono ni kazi bure. Tunagonga chuma kwenye ngazi: mara moja ni pozi, mara mbili ni panda juu. Yeye akitaka kupanda hangoji ishara ya mtu. Na hakuna anayemshika kumzuia asielee, hata kwa utani.

Masharti ndiyo hayo. Sasa tuje kwenye raha, maana najua mlikuwa mnaisubiri.

Chini ya maji vitu vinaonekana karibu kwa robo ya umbali wake na vikubwa kwa theluthi. Hivyo tumia lenzi pana, kisha sogea mpaka uwe kama mita moja tu na mteja. Maji mengi kati yenu ni vumbi na ukungu. Flashi ziweke pembeni kushoto na kulia, siyo juu ya kamera, la sivyo kila kichembe kitang'aa na bi harusi ataonekana kama amepigwa na theluji.

Rangi nyekundu ndiyo inayokufa mapema. Ukishuka mita tano tu, ile lipstiki ya bei mbaya inakuwa kama udongo. Dawa ni kubaki mita moja au mbili, jua likiwa juu, au kupeleka taa karibu. Njano na nyeupe zinavumilia zaidi.

Pazia la nyuma? Acha kununua vitu vya gharama. Nunua kaniki! Ifue kwanza mara kadhaa isije ikachuja rangi kwenye bwawa la watu, ninginiza ukutani mwa bwawa, tia vyuma kwenye pindo la chini. Mbele ya weusi ule ngozi yetu inatoka bomba mbaya. Mteja tu akae mbali nayo, isije ikamzunguka.

Halafu kuna kioo cha bure. Maji yakitulia, ukiwa chini ukaangalia juu kwa mshazari, uso wa maji unageuka kioo. Utamwona bi harusi na pacha wake wamegusana vidole. Tatizo ni papara. Watu wanaruka bwawani, maji yanatibuka, kisha wanalalamika kioo hakipo. Tulieni!

Na sura jamani. Mtu akizuia pumzi anavimba mashavu kama anapuliza tarumbeta. Namwambia atoe hewa kidogo puani, alegeze taya, afumbue macho taratibu. Lenzi za machoni avue kabla. Nywele napenda rasta na misuko mirefu, inaelea kwa mpangilio wake. Afro inashika mapovu, basi ipapase kidogo yatoke. Na msimpige mtu saa tatu mfululizo. Maji yanaiba joto la mwili upesi kuliko hewa, hata hapa Dar. Akianza kutetemeka, mpe taulo na chai ya tangawizi. Hakuna picha nzuri ya mtu anayegongana meno.

Vifaa vinataka nidhamu pia. Kasha la kamera nalizamisha tupu kwanza. Ule mpira mwembamba unaoziba ukipata unywele mmoja au chembe ya mchanga, kwaheri kamera. Wewe wa simu, ule mfuko wa plastiki tia karatasi ya chooni ndani, uuzamishe. Karatasi ikitoka kavu, tia simu. Ukitoka baharini loweka kasha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Wanaotaka bahari wangoje msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Februari, wakati mara nyingi maji ni maangavu. Masika mito inaleta tope. Chagueni siku za maji mafu, si bamvua, na muingie maji yakiwa yamejaa. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi tangu mwaka 1975, hivyo tafuteni kibali, na msisimame juu ya matumbawe kwa ajili ya pozi. Yale ni viumbe hai, ukiyavunja hayaungwi kwa gundi.

Jingine ambalo vijana wa kiume hamlipendi: heshima. Nguo nyepesi ikilowa inaonyesha. Mwambie mteja ailoweshe nyumbani ajione kwenye kioo. Kama mteja ni mwanamke, awepo msaidizi wa kike. Picha azione kabla hajaondoka, achague zipi zitoke na zipi zifutwe, mwandikiane. Mnaikumbuka kava ya albamu ya Nevermind ya Nirvana, ya mwaka 1991, yenye kichanga uchi majini? Kichanga kile kilikua, na mwaka 2021 akaenda mahakamani kuishitaki bendi kwa picha hiyo. Picha inaishi miaka mingi kuliko furaha ya siku moja.

Kama mnataka darasa bora kabisa, tafuteni picha za mwanadada wa Kimarekani Anna Boyiazis, alizopiga Zanzibar. Zilipata zawadi ya pili ya visa vya watu kwenye World Press Photo mwaka 2018. Humo hakuna shela wala malaika. Kuna wasichana wa huko, wamevaa mavazi ya kuogelea ya kujistiri mwili mzima, wanajifunza kuelea. Tazameni nyuso zao. Ule utulivu hauletwi na lenzi wala na taa. Unaletwa na mtu kujua kwamba maji hayatamchukua.

Kwa hiyo kijana mwenye vijisenti mkononi, kabla hujakimbilia Kariakoo kuulizia kasha la kamera, tumia sehemu kwa mwalimu wa kuogelea na mafunzo ya kuokoa. Kisha waambie wateja wako nao wajifunze. Wakigoma, waache waende kwa wa nusu bei. Wenye akili watapiga simu wenyewe.

Wiki ijayo tunarudi nchi kavu, tukaukaushe mwili. Mpaka hapo, kaeni salama, na wanaume mlioshikilia ngazi za bwawa, mnajijua!