Moyo Uliotulia Haupigi Kama Saa

Kiswahili kimeutwika moyo mzigo wa hisia zote. Mtu hutiwa moyo, huvunjika moyo, hufa moyo. Moyo nao huenda mbio, hupapa, huwa mzito. Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huyaweka haya chini ya kichwa cha nahau, tukaongeza mifano miwili mitatu, basi. Makala haya yanadai kwamba mzigo huo una msingi katika mwili wenyewe, na kwamba kipimo kimoja cha kitabibu kinachozidi kupata umaarufu kinatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Chukua mtu aliyeketi kwa utulivu, ambaye moyo wake hupiga mara 60 kwa dakika. Yamkini utadhani kila pigo hulifuata jingine baada ya sekunde moja kamili. La hasha! Nafasi moja yaweza kuwa sekunde 0.94, ya pili 1.05, ya tatu 0.98. Tuvutapo pumzi mapigo hukaribiana, tuitoapo huachana; Mjerumani Carl Ludwig alilieleza jambo hili mwaka 1847. Chanzo chake ni mvutano wa makundi mawili ya mishipa ya fahamu. Moja huuhimiza moyo wakati wa hofu na kazi ngumu. La pili, ambalo njia yake kuu ni mshipa uitwao vagasi, ushukao kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, huuzuia mfano wa breki. Mwili wenye siha huzikaza na kuzilegeza hatamu hizi wakati wote. Dhiki inapokaa muda mrefu, breki hulegea na mapigo huelekea kulingana. Mwaka 1987 Robert Kleiger na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 808 walionusurika mshtuko wa moyo: wale ambao nafasi za mapigo yao zilitofautiana kidogo mno walikabiliwa na hatari ya kufa iliyozidi mara tano ile ya wenzao waliokuwa na tofauti kubwa. Mwaka 2010 Andrew Kemp na wenzake walizikusanya tafiti zilizotangulia, wakaona kwamba watu wenye unyogovu, hata wasio na maradhi ya moyo, kwa wastani wana tofauti ndogo kuliko watu wenye afya.

Hapo pana kitendawili. Tusemapo moyo umetulia, twauwazia ukipiga sawasawa kama saa ya ukutani. Kumbe moyo uliotulia ndio uyumbao kidogo. Ule unaopiga kama saa huenda umeelemewa. Atakayebisha na amsikilize mghani stadi: mizani ni zile zile, lakini haghani kama mtu anayetwanga kinuni.

Je, kipimo hiki tukiiteje? Ukikiita "mapigo yasiyo sawa", mgonjwa atasikia habari ya maradhi na kutishika bure. "Mabadiliko ya mapigo" nayo yatafahamika kuwa kasi, kama ya mtu aliyepanda ngazi. Kuna watakaovutiwa na "unyumbufu wa mapigo", na nakiri ni istilahi tamu. Hata hivyo, inatoa hukumu kabla ya kupima, kwani yako maradhi ambamo vyumba vya juu vya moyo hutetema na nafasi za mapigo zikavurugika kabisa. Hapo tofauti huwa kubwa na mtu ni mgonjwa. Mimi napendekeza "tofauti ya nafasi za mapigo". Haina madaha, lakini haimdanganyi mtu.

Siku hizi saa za mkononi humulika ngozi kwa taa ndogo, zikahesabu tofauti hiyo, na asubuhi zikamtangazia mwenyewe kwamba ametulia au ana msongo. Hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wake. Tarakimu hiyo hushuka kwa ulevi, kwa kukosa usingizi, kwa homa, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Aidha, moyo wa mwanafunzi anayengoja kuitwa jukwaani kutuzwa na wa yule anayengoja kufukuzwa kwa kukosa karo huweza kufanana kabisa machoni pa mtambo. Huzuni, simanzi, jitimai, kihoro, ukiwa: mtambo hauna njia ya kuzipambanua. Ninachokihofia ni kile kijana wa bwenini ambaye saa yake inasema yu mzima, wenzake wakaridhika, naye hajaulizwa neno.

Na akiulizwa, ataulizwa kwa Kiswahili gani? Tanzania husema sonona, sisi husema unyogovu, na wazee wengi hawalitumii hata moja. Watakwambia wana mawazo, au moyo umekuwa mzito. Mhudumu asiyeyajua haya ataandika kwamba mgonjwa hana tatizo. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Moi vyote vinafundisha tiba na Kiswahili. Sioni sababu ya wanafunzi wa pande hizi mbili kukutana kwenye foleni ya mankuli pekee.

Kazi ya kuanzia ipo. Mwaka 2004 Dirk Cysarz na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu wakighani beti za heksamita, bahari aliyoitumia Homer, wakaona pumzi na mapigo ya moyo yakienda kwa mwafaka. Utenzi wetu una mishororo mifupi ya mizani nane, na mghani hupumua mahali panapojulikana. Apimwe huyo akighani beti mia moja, kisha aketi na mwanafunzi wa Kiswahili amweleze, kwa maneno yake mwenyewe, alivyojisikia. Karatasi hizo mbili ziwekwe mezani pamoja tuone zinapokubaliana na zinapopingana.