Masereka: Gari lililozeeka linaachwa wakati gani?

Katika vilima vya Masereka, wilaya ya Lubero, gari dogo la zamani si pambo la nyumbani. Ndilo linaloshusha viazi mviringo, makabichi na karoti mpaka sokoni Butembo, na ndilo linalorudisha chumvi, sabuni na wasafiri. Mengi ni Toyota za okazio, Corolla, Carina ao Probox, zilizotumika miaka mingi Japani mbele ya kufika Kongo. Siku gari kama hilo linapokufa njiani, mboga zinaoza na pesa za shule zinachelewa. Kwa hiyo swali la kuliacha ao kulitengeneza tena linahusu watu wengi kuliko mwenye gari peke yake.

Vita vimeongeza uzito wa swali hilo. Kanyabayonga, mlango wa kusini wa Lubero, iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025. Barabara ya kitaifa namba 2, iliyokuwa ikiunganisha Butembo na Goma, ikakatwa na mstari wa vita. Mkulima wa milimani anategemea Butembo kuliko zamani, na mwenye gari anajiuliza kama huu ndio wakati wa kuchukua deni.

Kwa nini yanafika yakiwa yamechoka

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira, UNEP, lilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo yaliuzwa nje ya nchi kati ya 2015 na 2018. Karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Huko Japani, gari jipya linapimwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na upimaji huo ni wa bei. Gari la petroli likizidi miaka 13, kodi yake inapanda. Mwenyewe anaona heri aliuze, ingawa injini bado ina nguvu.

Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kukataza kuingiza magari yenye miaka 15 na kuendelea. Gari linalofika Butembo kupitia Mombasa, Uganda na Kasindi huwa limelipiwa usafiri na ushuru njia nzima. Mnunuzi mwenye pesa kidogo hana njia nyingine ya kupata bei anayoiweza isipokuwa kuchukua gari ambalo mtu mwingine amekwisha kulitumia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Tangu siku ya kwanza, ananunua miaka iliyobaki, na hakuna anayemwambia ni mingapi.

Kilomita za mlimani

Miaka peke yake haisemi ukweli wote. Masereka iko juu ya mita 2,000. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Dereva anakanyaga zaidi, anapanda kwa gia ndogo, na klachi inaisha upesi. Kwenye kushuka na mzigo, breki ndizo zinateseka: zikipata moto sana, pedali inakanyagika lakini gari halisimami. Mvua inapogeuza udongo kuwa matope, shokamzoba na mikono ya usukani navyo vinalipa.

Upande wa kaskazini, Kongo na Uganda zilizindua Juni 2021 kazi za kutengeneza barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54. Gari linaloenda na kurudi kwenye lami linazeeka kwa mwendo wake. Lile la Masereka linazeeka mara mbili. Mtu anayetazama namba za kilomita kwenye dashibodi peke yake atajidanganya, maana kilomita moja ya mlimani haina uzito sawa na ile ya lami.

Hesabu ya kwenye kaye

Wenye magari wengi wanaamua kwa hasira. Gari likiharibika mara tatu kwa mwezi, wanasema limekwisha. Likitengenezwa na kuwaka vizuri, wanasahau. Hesabu inataka mambo mawili tu yaandikwe kwenye kaye kila siku: siku gari lilizofanya kazi, na pesa zilizoingia garaji.

Tuchukue mfano. Gari linaacha dola 15 kwa siku baada ya kutoa mafuta na haki ya dereva. Likiwa zima linafanya kazi siku 24 kwa mwezi, yaani dola 360. Likila dola 60 za garaji, zinabaki 300. Mwenyewe anaweza kupata gari lenye hali hiyo kwa dola 4,500. La zamani analiuza 900. Pengo ni dola 3,600, na akilipa kwa miezi 24, ni 150 kwa mwezi bila kuhesabu faida ya mkopeshaji. Gari jipya kwake litamwachia dola 150 kila mwezi mpaka deni liishe.

Sasa alinganishe na lile la zamani. Kama bado linafanya siku 20 na kula dola 120 za garaji, linamwachia 180. Hata kama garaji inamchosha, alitunze. Likishuka hadi siku 15 na garaji 130, linamwachia 95. Hapo limevuka mstari. Katika mfano huu kilichopunguza pesa zaidi si fundi: garaji iliongezeka kwa dola 10 tu, lakini siku 5 za kusimama ziliondoa dola 75. Kusubiri piesi itoke Kampala kunaweza kugharimu kuliko piesi yenyewe.

Kaye hiyo inafaa iandikwe na watu wawili. Patroni ndiye anayelipa piesi, lakini dereva ndiye anayesikia sauti ya gari. Dereva anayedaiwa kiasi kilekile kila jioni, gari liwe zima ao bovu, atanyamazia kasoro ili asipoteze siku yake. Patroni atajua habari siku ambayo kitu kidogo kimekwisha kuharibu kikubwa. Makubaliano ya kupunguza pesa za siku ya garaji yanamgharimu patroni kidogo, lakini yanamletea habari mapema.

Gari lisilo na deni

Hata hivyo, hesabu ya wakati wa amani haitoshi Lubero. Gari la zamani lina sifa moja ambayo gari la mkopo halina: barabara ikifungwa kwa wiki tatu, linalala uani na halidai kitu. Deni halilali. Mwenye kukopa kwa faida ya kila mwezi, kisha mapigano yakasogea ao soko likasimama, anaweza kupoteza gari na shamba aliloweka rehani.

Kwa sababu hiyo, kuvumilia gari la zamani muda mrefu kidogo kuliko hesabu inavyosema si ujinga kwa familia ya Masereka. Ni aina ya bima. Lakini bima hiyo ina sharti: pesa ambazo zingelipa deni ziwekwe kando. Vikundi vya AVEC, ambamo wanakijiji wanaweka akiba pamoja na kukopeshana, vinaweza kuzitunza. Anayevumilia bila kuweka akiba anaahirisha tu siku ya aibu. Gari litamfia mkononi, na siku hiyo atanunua lolote atakaloonyeshwa.

Mambo matatu yasiyoingia katika hesabu

Kuna kasoro ambazo hazipimwi kwa dola. Breki zisizoshika, usukani unaocheza, na shasi iliyooza ao kupasuka vinamaliza mjadala. Breki na usukani vinaweza kutengenezwa. Visipotengenezwa, gari lisitoke. Shasi iliyokwisha kuoza na kuchomelewa mara kwa mara ni mwisho wa gari la kubeba watu kwenye mlima, hata kama injini inaimba vizuri. Abiria aliyekaa juu ya magunia hana kaye ya kusoma, na hakuna aliyemwuliza kama anakubali kushuka na breki za jana.

Barabarani dereva anaombwa vinyeti, asiransi na kontroli tekiniki. Karatasi ni za lazima, lakini karatasi haisimamishi gari kwenye mteremko. Wanaoweza kupima kila asubuhi ni dereva na mwenye gari, kwa dakika tano za kukanyaga pedali, kutazama mafuta ya breki na kutikisa magurudumu mbele ya kupakia.

Linaachwa kwa nani?

Linabaki swali ambalo wengi hawalisemi. Kuacha gari, mara nyingi, ni kumwuzia mwingine mwenye pesa kidogo zaidi, atakayelipeleka kwenye barabara mbaya zaidi. Gari lile lile, na breki zile zile, linarudi njiani likiwa na abiria wengine, pengine jirani wa yule aliyeliuza.

Kama shasi imekwisha, bei ya haki ni kulifungua: injini, gia, milango na magurudumu vina wanunuzi Butembo, na chuma kilichobaki kinauzwa kwa kilo. Pesa zinaweza kuwa pungufu kuliko kuliuza likiwa zima, pengine dola mia kadhaa. Hasara hiyo iingie katika hesabu tangu mwanzo, kwenye kaye ile ile, ili siku ikifika mwenye gari asishawishike kulipaka rangi na kumtafuta asiyejua.