Mtu si "case"

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma hapa, leo naongea juu ya neno moja tu: "case". Kuanzia Nyakiyumbu mpaka Bwera, panapoandikishwa wakimbizi, hilo neno halikosi.

Waingereza wanalitumia kwa mambo mengi. Mgonjwa wa kipindupindu ni case. Mashtaka mahakamani ni case. Hata sutikesi ya safari imebeba hilo neno, ingawa hapo ni maneno mawili yaliyofanana: moja limetoka Kilatini casus, jambo lililotokea, lingine capsa, yaani sanduku. Mwingereza akisikia sentensi nzima anajua ni ipi.

Sisi je? Kwetu kesi ni ya mahakama, basi. Sasa fikiria mama amevuka Mpondwe jana na watoto, amekimbia vita. Anaambiwa, "Mama, kesi yako iko kwa afisa wa kesi, ngoja." Mama anasikia ameshtakiwa. Baada ya wiki mbili: "Kesi yako imefungwa." Kwa ofisi, maana yake kazi imeisha, faili limewekwa kabatini. Kwa mama, kufungwa ni jela. Mtu kama huyo harudi ofisini hata mtoto wake akiwa na shida. Halafu mnaandika "hakufika". Atafikaje, na mmemtisha wenyewe?

Wengine watasema fomu zinakuja kwa Kizungu. Sawa, zijazeni kwa Kizungu. Lakini mdomo si fomu. Tangu 1977 kamati ya utendaji ya UNHCR ilisema mwombaji hifadhi apewe mkalimani anayeiweza kazi. Na ukalimani si kuongeza "i" mwisho wa neno la Kizungu!

Maneno tunayo. Karatasi zake ni faili. Wenzetu wa Beni na Kasindi wanasema dosie. Shida yake ni shida. Mgonjwa ni mgonjwa. Familia ni familia. Kesi muiache mahakamani. Na kama Kiswahili kinamsumbua, muiteni kijana wa hapa anayesema Lukonzo: Kinande cha ng'ambo na Lukonzo cha huku wanasikilizana bila taabu.

Na sisi vijana tujiangalie. "Mimi niko case ya Marekani," tunajisifu hivyo kama vile ni cheo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na sasa mtu anasema "case yangu imekufa", anaacha masomo, anakaa tu. Kaka, dada, kilichosimama ni faili. Wewe bado uko, na shule bado iko.

Kwa hiyo wewe utakayekaa mezani kesho, mfanyakazi au volontia kama mimi, namba utaiandika tu, haikimbii. Uliza kwanza: "Mama, unaitwa nani?" Halafu mueleze faili lake liko wapi, kwa maneno ambayo akirudi nyumbani anaweza kumwambia jirani yake.