Mbata ya Ufilipino: Kasha ni la Mkulima, Ufunguo ni wa Nani?

Mwezi Februari 1973 ungekuwa mapema mno kwa mkulima wa minazi wa Ufilipino kubashiri yatakayomfika. Mwezi Februari 2021 ulikuwa umechelewa mno kwa wengi wao. Mwezi huo wa 2021 Rais Rodrigo Duterte alitia sahihi Sheria nambari 11524, inayoamuru kwamba mali zilizonunuliwa kwa makato ya wakulima hao ziwekwe katika mfuko wa amana kwa manufaa yao. Makato yenyewe yalitozwa karibu nusu karne kabla, na wengi waliotozwa wamekwisha fariki dunia. Habari hii yafaa kuchambuliwa, maana inahusu kila taifa linaloishi kwa jasho la mkulima.

Msomaji wa Uganda, ambaye nchi yake haina pwani, aweza kuuliza mbata ni kitu gani. Mbata ni nyama ya nazi iliyokaushwa. Nazi iliyokomaa, yenye umri wa karibu miezi 12, hufuliwa makumbi na kupasuliwa, kisha nyama yake hukaushwa kwa jua, kwa moshi, au katika tanuri la hewa ya moto. Nyama mbichi ina maji karibu nusu ya uzito wake. Mbata iliyo tayari haitakiwi kuzidi asilimia 6 au 7. Ikikamuliwa hutoa mafuta zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake, na mashudu yanayobaki hulishwa mifugo. Mafuta hayo hupikia, hutengeneza sabuni na siagi ya mimea, na huko Ufilipino huendesha hata magari: tangu Oktoba 2024 dizeli yao yapaswa kuchanganywa na asilimia 3 ya mafuta yatokanayo na nazi.

Katika ukaushaji ndimo unyonge wa mkulima unamoanzia. Mbata yenye unyevu huota ukungu wenye sumu. Ikikaushwa kwa moshi mwingi huwa nyeusi na kunuka. Ikirundikwa ingali na maji huweza kujipasha moto yenyewe, hata ikawaka ndani ya meli. Kwa sababu hizo mnunuzi hutazama rangi, hukisia unyevu, kisha hupunguza uzito na bei. Mkulima asiye na tanuri wala mizani hana la kumjibu, na akiwa na deni kwa mnunuzi huyo huyo, hana hata mahali pengine pa kwenda.

Dawa ya unyonge huo inajulikana: wakulima wawe na tanuri zao, benki yao na vinu vyao vya kukamulia mafuta. Hayo ndiyo waliyoahidiwa wakulima wa Ufilipino. Ferdinand Marcos, aliyekwisha tangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, alitoa amri mwezi Agosti 1973 kwamba kila kilo 100 za mbata zikatwe peso 15. Mwaka 1975 fedha za makato zilinunua benki, ikaitwa benki ya wakulima wa minazi. Baadaye vinu vya mafuta viliunganishwa chini ya kampuni moja. Hisa za kampuni kubwa ya vinywaji, San Miguel, nazo zikanunuliwa.

Kwa maandishi, mkulima alikuwa tajiri. Kwa hakika, benki iliongozwa na Eduardo Cojuangco, mtu wa karibu wa Marcos, na mkulima hakuwa na sauti. Tena fedha zake ndizo zilizojenga mnunuzi mkubwa aliyeweza kumpangia bei ya mbata yake. Marcos alipoangushwa mwaka 1986, serikali mpya ilizizuia mali hizo, na kesi zikaanza. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilipoamua kwamba asilimia 24 ya hisa za San Miguel ni mali ya serikali, itumike kwa ajili ya wakulima wa minazi tu.

Tuonavyo sisi, kosa halikuwa katika kukata fedha. Taifa lisilotaka kuuza mali ghafi daima halina budi kuweka akiba na kujenga vinu. Kosa lilikuwa kukusanya kwa wengi na kuwakabidhi ufunguo wachache wasioulizwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi Waganda hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la ng'ambo. Wakulima wa pamba walioinuka Buganda mwaka 1949 walidai, pamoja na mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza nje bila kupitia bei ya mkoloni. Dai lao na dai la mkulima wa mbata ni moja: anayemiliki mtambo ndiye apangaye bei. Leo wakulima wadogo wa michikichi kule Kalangala wanauza matunda yasiyoweza kungoja siku nyingi bila kukamuliwa. Nao wanajua maana ya kukitegemea kinu cha mwingine.

Sasa mfuko wa Ufilipino unasimamiwa na kamati ya wizara za fedha, bajeti na sheria, na fedha zake hupitia idara za serikali. Huo ni ulinzi dhidi ya wezi, na tunaupongeza. Lakini ulinzi wa kasha hauwi na maana mpaka mali iliyomo imfikie mwenyewe. Kipimo cha sheria hiyo hakitakuwa hesabu za Manila. Kitakuwa kijijini: je, mkulima ana tanuri linalokausha mbata ikawa nyeupe, ana mizani anayoiamini, na ana hisa katika kinu? Akikosa hayo matatu, mfuko utakuwa umebadili walinzi tu, naye ataendelea kuuza kwa bei ya kutupa.