Tuitembee Reli ya Solai Kabla Haijazungushiwa Ua

Wananakuru wenzangu,

Ukitoka mjini kwa barabara ya Marigat, shuka Kampi ya Moto. Usikimbilie bodaboda. Ulizia palipopita reli ya Solai na mtoto yeyote atakuelekeza, maana ndiyo njia yake ya shule. Utakuta tuta refu katikati ya mashamba. Kandokando mahindi yamepanda hadi kwenye kokoto. Juu kabisa kuna ukanda wa udongo, upana wa mtu na mzigo wake, uliosuguliwa na nyayo ukawa laini kama sakafu iliyosiribwa jana. Penye kalvati, mawe ya kuchonga bado yameshikana barabara, na chini yake mbuzi wamejificha jua.

Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1920, kutoka Rongai kuzunguka kaskazini ya Menengai, ili iyafikie mashamba ya walowezi, mahindi yao na mkonge wao. Treni haipiti tena. Watu wanapita kutwa.

Nilipokwenda huko niliandamana kwa kitambo na mama mmoja aliyebeba mtungi wa maziwa. Nikamuuliza kwa nini asipite barabara kubwa. "Mwanangu, kule magari hayana macho," akanijibu. "Huku nikianguka, nimeanguka kwa matope tu." Kisha akanionyesha kwa kidevu nguzo mpya na seng'enge iliyokuwa imepanda tuta hatua kama nne hivi. Mwaka jana, alisema, haikuwapo.

Seng'enge ile ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Mandhari ya huko yanaweza kumtoa nyoka pangoni, lakini nitayaacha mjionee wenyewe.

Ombi langu ni kwamba tuta hilo ligeuzwe njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Liwekwe lami, upana wa mita tatu unatosha, na mitaro izibuliwe ili mvua isilikate. Ardhi ibaki mali ya umma chini ya Shirika la Reli, na kaunti iitunze njia. Siku treni ikirudi, tutapisha. (Sizungumzii reli kuu ya kwenda Kisumu na Malaba. Ile ina treni. Tafadhali usitembee juu yake.)

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya watu walioshiba. Basi na tuwatazame hao walioshiba. Uhispania ilianza mwaka 1993 kuzigeuza reli zake zilizoachwa kuwa njia za miguu na baiskeli, na leo zimepita kilomita 3,000. Marekani ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 1983, inayoruhusu ukanda wa reli iliyolala utumiwe na watembeaji, usikatwekatwe, hadi siku reli itakapohitajika tena. Wabunge wale waliona kilekile alichokiona mama wa maziwa: reli ikikosa treni na ikakosa watu, jirani anasogeza ua.

Na sisi tuna sababu ya kuhofu kuliko wao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, ya reli ikiwamo, ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Hapa hapa kwetu, kipande cha Gilgil hadi Nyahururu, kilomita 78, kilikaa miaka bila treni kisha kikakarabatiwa. Kama kingekuwa kimeshakatwa ploti za hamsini kwa mia, fundi angekarabati nini? Hata anayeiota treni ya Solai anawahitaji watembeaji.

Kuna jambo jingine ambalo unalihisi kwa magoti kabla ya kulifikiria. Treni haiwezi kupanda mlima kwa papara, kwa hiyo waliojenga tuta walilizungusha na kulipindisha mpaka mwinuko ukawa wa taratibu. Mzee mwenye goti bovu anautembea. Kijana aliyefunga magunia mawili nyuma ya baiskeli anaupanda bila kushuka. Mtoto wa kiti cha magurudumu angeupita pia, kungekuwa na lami. Kazi ngumu ilikwisha kufanywa miaka mia moja iliyopita, kwa jasho la vibarua ambao hata kibao hawakuwekewa.

Na ardhi yenyewe haikutoka mbinguni. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka bonde hili ili nchi iliyo karibu na reli iende kwa walowezi. Imeshatwaliwa mara moja na mwenye nguvu. Ikitwaliwa tena, safari hii nguzo moja moja huku tukitazama, tutamlaumu nani?

Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Mkazi wa Kaptembwo au Free Area akitaka kutembea na watoto Jumapili, bila kulipa kiingilio cha mbuga wala kukwepa matatu, aende wapi? Sote hatuenei Nyayo Gardens. Kuhusu barabara kuu, watu wa Rongai hawahitaji mhadhiri; Salgaa, na ajali zake, iko kwao.

Waliolima kwenye tuta wasifukuzwe kama wezi. Wengi hawana pengine pa kulima, na tunachohitaji ni ukanda wa juu tu. Tukae nao mapema, barazani, kabla ya tingatinga.

Kazi imegawanyika hivi. Walimu wakuu wa shule zilizo kandokando, hesabuni wanafunzi wanaopita tutani kila asubuhi. Hesabu hiyo itashinda hotuba zetu zote. Wazee mliofanya kazi reli, njooni mtuonyeshe bikoni za mpaka zilipo kabla hazijang'olewa. Vijana wa bodaboda, mnaijua kila kona, pigeni picha za ua mpya. Sisi wengine tutie sahihi ombi kwa bunge la kaunti; Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki hiyo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawataka watujibu. Tarehe nazo zishikeni: taarifa ya sera ya fedha hufika bungeni kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, viti vya mbele viwe vyetu. Mwakilishi wadi atakayesema hakuna pesa, mwombeni aje atembee nasi kwanza.

Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, Kampi ya Moto. Njoo na viatu vya matope, na ukiwa na mzee aliyewahi kupanda treni ile, mlete.