Mfuko wa tumboni nao ni matibabu

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na natembea na mfuko wa haja kubwa tumboni. Nitakuwa nao hadi siku nitakayozikwa. Saratani ilikuwa kwenye puru, chini kabisa, jirani mno na njia yenyewe ya haja. Madaktari wakaondoa puru pamoja na njia hiyo, wakashona pale chini, kisha wakautoa mwisho wa utumbo mpana upande wa kushoto wa tumbo. Hapo wanapaita stoma. Upasuaji wa namna hii ulielezwa na daktari Mwingereza, Ernest Miles, mwaka 1908, na hadi leo unaokoa watu. Mimi ni mmoja wao. Nawaombea dua walionipasua, na haya ninayoandika hayapunguzi shukrani yangu kwao.

Nasema tu kwamba waliniachia mapema mno. Mshono uliposhika na haja ilipoanza kutoka, niliandikiwa ruhusa. Asubuhi ile nesi alinibadilishia mfuko haraka haraka, akanipa mingine michache ndani ya bahasha, akasema, "Baba, ukifika nyumbani utazoea." Mke wangu alikuwa nje ya wodi akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Hakuonyeshwa lolote. Tukapanda basi kutoka Dar es Salaam, mimi nimeegemea ubavu mmoja kwa sababu ya kidonda cha chini, na kabla ya kufika Segera mfuko ulikuwa umejaa. Basi liliposimama abiria wachimbe dawa, tulijificha nyuma ya kichaka na chupa ya maji ya kunywa, tukihangaika kujua ile klipu ya chini inafunguliwaje. Tuna wajukuu sisi. Mke wangu alisafisha kila kitu kwa mtandio wake, wala hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Watu wakinitembelea huuliza habari za mfuko. Kukaa hawakuulizi, na kwangu kukaa ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Cherehani ya miguu hushonwa kwa kukaa. Kabla ya upasuaji nilipigwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road ili uvimbe upungue, na nyama iliyopigwa mionzi huchelewa kufunga. Kwa miezi nilikata vitambaa nikiwa nimesimama mezani, kijana wangu akishona, na wateja wa sare za shule wakatuhama mmoja mmoja.

Halafu likaja jambo ambalo sikuwa nimeonywa. Nilikuwa nikiamka usiku nimebanwa na haja mahali ambapo njia haipo tena. Niliamini saratani imerudi. Muda mrefu baadaye daktari mmoja wa kliniki akanieleza kwamba mishipa ya fahamu iliyobaki huendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na kwamba hali hiyo huwapata wengi waliopitia upasuaji huu. Maelezo yake hayakuchukua hata dakika moja. Ningeambiwa wodini, ningelala usiku wote ule niliokesha.

Kama fundi, kinachoniuma zaidi ni mahali stoma ilipowekwa. Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa anatakiwa avae nguo zake, asimame, akae, ainame, na mtu mwenye ujuzi amtie alama ya wino pale ambapo mfuko utakaa bila kuguswa na mkunjo wa ngozi wala mkanda, na ambapo mwenyewe anapaona. Ni kazi ya kalamu na macho, haihitaji mashine yoyote. Mimi sikutiwa alama. Stoma yangu imetokea hasa pale kiuno cha suruali kinapokaa. Nilifumua suruali zangu zote, na sasa najishonea za kiuno cha juu zenye mikanda ya mabegani. Mimi nina cherehani. Mwenzangu mmoja wa Muheza, mama anayeuza machungwa, mifuko ilipomwishia alikuwa akifunga kopo tupu la siagi tumboni kwa kipande cha khanga. Ameacha kwenda mnadani.

Na kupima stoma ili kukata tundu la mfuko ni kazi ya kurudia. Stoma ni nyekundu na yenye unyevu kama upande wa ndani wa mdomo, haina hisia ya maumivu, na katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo hupungua ukubwa. Tundu la mfuko lililokatwa kwa kipimo cha siku ya kwanza huwa pana mno mwezi wa pili. Hapo haja hugusa ngozi, na ngozi ina maumivu ya kutosha.

Yapo ambayo wanaume hatuyasemi. Upasuaji wa pale chini unaweza kugusa mishipa ya fahamu ya mkojo na ya unyumba. Mke na mume wanastahili kulisikia hilo wakiwa wameketi pamoja mbele ya daktari, kabla ya kutia saini. Ibada nayo ilinisumbua, kwa kuwa gesi haizuiliki. Sheikh wetu alinijibu kwa upole kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutawadha wakati wa sala unapoingia, akasali, na kinachotoka humo katikati hakimharibii sala. Nilirudi msikitini Ijumaa iliyofuata.

Naomba hospitali zetu zisimruhusu mgonjwa mwenye stoma kwenda nyumbani kabla hajabadilisha mfuko kwa mikono yake mwenyewe, nesi akimtazama, na ndugu mmoja akifanya vivyo hivyo. Aitwe pia mtu aliyekwishapitia hali hii aje kukaa kando ya kitanda chake. Mimi nikiitwa nitakwenda, hata usiku.

Na wanaopanga kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, naomba waitaje mifuko hii kwa jina lake, pamoja na idadi inayomtosha mtu kwa mwezi, na wahakikishe inapatikana hadi hospitali za wilaya. Mwenye kisukari hapewi insulini ya wiki moja akaambiwa atazoea. Mfuko mmoja hukaa siku chache tu, na bei yake dukani inamshinda muuza machungwa. Ukikosekana kwa wiki, ngozi huchubuka na kutoa majimaji, na ngozi yenye majimaji haishiki gundi ya mfuko mpya hata ukiletwa bure.