Rimu yang'aa, ufa u ndani

Msomaji, kuna ugonjwa unaowapata vijana wetu wa mjini punde tu wanapozoea kupokea mshahara. Hospitalini hauna dawa. Mgonjwa husimama kando ya barabara akisikiliza mngurumo wa Subaru inayopita, akatabasamu peke yake, na jioni akaonekana akipiga hesabu nyuma ya bahasha. Wazee nao wanaugua, ila wao huuficha kwa kudai kwamba wanatafuta "gari la familia lenye nguvu kidogo".

Sitawacheka, maana mapenzi haya yana asili yake. Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953, na vizazi kadhaa vya watoto wa nchi hii vimekula vumbi kando ya barabara vikiyangojea magari hayo yapite. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 akiwa ndani ya Subaru Impreza, naye Richard Burns akashinda ile ya 2000 akiwa katika gari la aina hiyo hiyo. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru pia aliendesha Subaru katika mashindano hayo. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, na iliporejea 2021 kule Naivasha, wengi wa watoto waliokula vumbi zamani walikuwa na watoto wao, na leseni za kuendesha gari mifukoni.

Basi tukubaliane kwamba unalitaka gari la mbio lililotumika. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lile linaloshuka Mombasa likiwa bado changa lina bei ya kumtoa mtu jasho. Matokeo yake ni kwamba wengi hununua lililokwisha kuwa hapa: gari lililotumika Japani, likatumika Nairobi, likauzwa Nakuru, kisha likarudi Nairobi likiwa limepigwa rangi mpya na kuvishwa rimu zinazong'aa kama sufuria ya bi harusi.

Mnunuzi hufungua boneti, akasikiliza injini, akatazama moshi, akapeleleza rekodi za gari kwa NTSA ili ajue mwenyewe ni nani. Yote hayo ni mema na yafanywe. Lakini ni wachache wanaoinama. Leo, msomaji, nakuomba tuiname pamoja tuitazame rimu.

Mapishi ya rimu

Rimu ya kawaida ni ya chuma. Ikiingia shimoni hupinda, na fundi akaigonga ikarudi sura yake. Rimu ya aloi haina subira hiyo. Nyingi ya rimu hizi ni alumini iliyochanganywa na silikoni, kiasi cha asilimia 7, pamoja na chembe ya magnesi. Mchanganyiko huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kisha rimu hutiwa katika joto la nyuzi 540 hivi, ikapozwa ghafla, na mwishowe ikapashwa moto wa wastani kwa saa kadhaa. Mapishi hayo ndiyo yanayoipa nguvu. Ni nyepesi, ni nzuri machoni, na hulisaidia gari kugeuka na kusimama kwa wepesi. Ila ikipata kishindo kikubwa hupinda kidogo tu, kisha hupasuka.

Sasa tazama tairi inayovishwa rimu hiyo. Ubavuni mwake kuna nambari. Tairi iliyoandikwa 195/65R15 ina upana wa milimita 195, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127 hivi. Tairi ya 225/40R18, ambayo vijana huipenda, ina ubavu wa milimita 90 tu. Mto unaoikinga rimu na shimo umepunguzwa kwa karibu theluthi moja, na mashimo yetu hayakupunguzwa hata kidogo. Ongeza upepo usiotosha ndani ya tairi hiyo, kisha pita usiku mahali ambapo mvua imelijaza shimo maji likaonekana kama dimbwi la kawaida. Hapo ndipo ufa huzaliwa.

Na ufa huo aghalabu huzaliwa mahali ambapo jicho halifiki. Mikono ya rimu, ile inayoipa sura yake, iko upande wa nje, nayo hushikilia ukingo wa nje. Ukingo wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, umesimama peke yake. Huo ndio unaopasuka kwanza. Ndiyo maana rimu inaweza kung'aa barabarani ilhali nyuma yake imepasuka kama kigae.

Jirani zangu na ule ufa

Jirani zangu wawili, mume na mke, walinunua gari la aina hii kwa akiba ya miaka minne. Mke alikuwa ametaka fedha hizo ziwe malipo ya kwanza ya kiwanja. Mume alimbembeleza hadi akakubali. Mwezi wa kwanza ulipita kwa furaha. Mwezi wa pili gurudumu la mbele kushoto likawa linapoteza upepo kila baada ya siku tatu.

"Baba watoto, hiyo ni pancha gani isiyopona?" mama aliuliza.

"Ni valvu tu, mama watoto. Fundi ataiona."

Fundi aliiona. Haikuwa valvu. Ulikuwa ufa wa urefu wa kidole katika ukingo wa ndani, na kando yake palikuwa na alama ya ufa mwingine wa zamani uliochomelewa na kupakwa rangi ya fedha. Fundi akauchomelea na huu mpya, akalipwa, na upepo ukakaa. Wiki tatu baadaye familia nzima ilikuwa safarini kuelekea Nakuru, watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma, pale rimu ilipofunguka kwenye kidonda kile kile na upepo wote ukatoka kwa mara moja. Mume aliushika usukani kwa mikono miwili, gari likayumba, likasimama kando ya barabara. Hakuna aliyeumia. Lakini lori lililokuwa nyuma yao lilipita likipiga honi, na mpaka leo mama yule hajapanda tena gari hilo. Husafiri kwa matatu pamoja na watoto wake, mume akiwa peke yake ndani ya gari la ndoto yake.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hekima hiyo ni ya nyumba, wala si ya rimu. Alumini huyeyuka katika joto la nyuzi 660. Moto wa kuchomelea unapoigusa rimu, yale mapishi ya kiwandani huharibika mahali pale na kando yake. Upepo unaweza kuzuilika, ndiyo, lakini nguvu ya awali hairudi, na ufa unaofuata mara nyingi huanzia pembeni mwa kiraka. Mikwaruzo ya nje inaweza kusuguliwa na kupakwa rangi. Mpindo mdogo usio na ufa unaweza kunyooshwa na fundi mwenye mashine na ujuzi. Rimu iliyopasuka haifai tena kubeba watu.

Namna ya kukagua

Nenda mchana, wala usiende mvua inaponyesha. Mwombe muuzaji gari lipandishwe jeki na magurudumu yote manne yafunguliwe. Akikataa, mpe mkono, umshukuru, uende zako. Amekuokolea fedha.

Gurudumu likiwa chini, lioshe upande wa ndani kwa maji na sabuni, kwa sababu vumbi la breki huficha mengi. Tumia tochi. Zungusha kidole polepole kwenye ukingo wote, kisha pitisha ukucha palipo na mstari wowote: mkwaruzo wa juu juu ukucha huupita, ufa huukwamisha. Tazama mahali mikono inapoungana na duara, na pia kandokando ya matundu ya nati. Ukiona uvimbe wa kuchomelea, au rangi mpya upande wa ndani pekee, uliza maswali. Hakuna mtu anayepaka rangi mahali pasipoonekana bila sababu.

Kisha jaza tairi upepo wa kutosha na umwagie maji ya sabuni pale ukingo wa rimu unapokutana na tairi. Mapovu yanayoendelea kuchipuka hayasemi uongo. Ukiwa na shaka, baadhi ya mafundi wana rangi nyekundu ya kupenya: hupuliziwa, hufutwa, kisha hupakwa unga mweupe, na ufa ukajichora wenyewe kama mshipa. Rimu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hupigwa chapa ya JWL, na nyingine VIA, kuonyesha kwamba zimetimiza kanuni za huko. Chapa inaweza kuigwa, lakini rimu isiyo na chapa yoyote iulizwe ilikotoka.

Mwisho liendeshe gari katika barabara nzuri, kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa panaporuhusiwa. Usukani ukitetemeka katika mwendo huo, huenda ni balansi tu, na huenda ni rimu iliyopinda. Usikubali kuambiwa kwamba "magari haya ndivyo yalivyo".

Na kumbuka jambo hili kuliko yote: rimu ni shahidi. Kishindo kilichoweza kuipasua hakikuishia hapo. Kilipita kwenye beringi, kwenye shoki, kwenye mikono ya chini na fimbo za usukani. Ukikuta rimu mbili zimepasuka, usiulize bei ya rimu pekee. Uliza gari hili limeishi maisha gani, na hao waliolimiliki walilipeleka wapi kwa kasi gani.

Ukilazimika kubadilisha

Labda gari lenyewe ni zima na kasoro ni rimu moja. Basi gharama hiyo itolewe katika bei kabla hujalipa, si baada yake. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan, utaona rimu zimepangwa hadi darini. Usichague kwa macho. Impreza nyingi za zamani zina nati tano katika duara la milimita 100, lakini STI za kuanzia modeli ya 2005 zilihamia milimita 114.3. Toyota kadhaa pia hutumia duara la milimita 100, na muuzaji atakuapia kwamba rimu zake "zinaingia Subaru". Mwulize tundu la katikati. La Toyota hizo ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni milimita 56.1. Haziingii bila kuchongwa, na rimu iliyochongwa kwa tupa kando ya barabara ni hadithi nyingine ya kusikitisha.

Isitoshe, Subaru hizi huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Tairi moja mpya na tatu zilizokwisha huilazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi milimita 6 hivi. Kwa hiyo anayepanga kununua rimu moja na tairi moja apige hesabu upya, maana huenda akahitaji tairi nne. Nati nazo zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza.

Kuna hesabu moja ambayo nyuma ya bahasha huwa haiandikwi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, keti na wa nyumbani kwako, mweke mezani bei ya gari, bima, mafuta, na seti moja nzima ya rimu na tairi. Kama fedha zinaishia kwenye bei ya gari, basi gari hilo bado si lako, hata kama umekabidhiwa funguo. Ngoja mwaka mmoja. Subaru hazitakwisha.

Na ile rimu iliyopasuka uliyoiondoa, usiiache kwa fundi ikiwa nzima, wala usiiuze kwa bei ya kutupa. Ikatwe vipande viwili mbele ya macho yako, ndipo iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukiiacha ilivyo, itachomelewa, itapakwa rangi ya fedha, itarudi rafuni, na Jumamosi moja baba mwingine ataiona inang'aa. Watoto watakaoketi kiti cha nyuma cha gari hilo ni wa mtu.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, nakutakia safari njema.